Punje Saba Ndani ya Kura ya Fundi

Wako watu wameharibu uchaguzi kwa bunduki. Mimi niliharibu kwa punje saba za kahawa, tena uchaguzi wenyewe wala haukuwa wa Mbinga au wa Nyasa. Ulikuwa wa Ujerumani, nchi ambayo sijawahi kuikanyaga hata kwa kupotea njia.

Ilianza na fundi mmoja wa Kijerumani. Parokia yao kule ni rafiki wa parokia yetu hapa Matiri, wakamtuma aje atengeneze mtambo wa maji pale mtoni, ule unaotoa umeme wa zahanati na wa mashine ya kusaga. Nyumba yangu ndiyo iko karibu na mto, kwa hiyo akalala kwangu miezi mitatu. Umri wake ulishapita sitini. Mrefu yule! Akiingia mlangoni anainama mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya mlango, mara ya pili kumwamkia mke wangu. Na mikono yake, nakwambia, alikuwa akishika chuma kibovu chuma kinaona aibu, kinaanza kuzunguka. Kijiji kizima tulimwita Fundi tu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, maana yeye alikisoma kwenye kitabu, mimi nilikiokota sokoni Mbinga, nyumbani ni Kimatengo mwanzo mwisho.

Sasa Fundi alikuwa na dada yake, mdogo wake wa mwisho, daktari wa mifugo. Mwaka huo dada alikuwa anagombea ubunge. Fundi alitueleza kwamba Ujerumani ni mikoa mingi iliyokubaliana kukaa pamoja, na kila mkoa una bunge lake, mbali na lile bunge kubwa. Dada alikuwa anagombea hili la mkoa.

Baba yangu mdogo, mtu wa kutania hata msibani, akasema, "Kila mkoa bunge lake? Ruvuma tungekuwa na letu mimi ningekuwa spika."

"Spika anatakiwa kunyamaza, wengine waongee," Fundi akamwambia.

"Basi sitaki."

Kila jioni Fundi alikuwa anatupa habari. Dada yake na mpinzani wake walikuwa wamekabana koo. Leo anaongoza dada, kesho mpinzani, keshokutwa hakuna anayejua. Kule kwao, akasema, wote wawili wanapita nyumba kwa nyumba na baiskeli, na wakikutana njiani wanasalimiana. Mimi nikafikiri anatuongopea. Kuongopa ni kazi yangu mimi, nikaona anataka kuninyang'anya.

Na Fundi mwenyewe alikuwa na kura yake. Sheria yao inaruhusu mtu aliye mbali apige kura kwa barua. Karatasi ililetwa na mama mmoja wa parokia yao, aliyekuja na wageni wenzake kututembelea siku kumi. Baada ya Matiri wageni wakateremka ziwani kuangalia shule ya Kihagara, halafu waondoke. Mama yule alisema ataibeba kura ya Fundi mkononi mpaka kwenye ofisi yao ya uchaguzi. Kazi ya Fundi ilikuwa kuijaza na kumfikishia Kihagara kabla hajaondoka.

Siku yenyewe ya kupeleka, Fundi akaanguka kwenye ngolo. Ngolo ni yale mashimo tunayochimba mlimani, shimo karibu na shimo, ili mvua isituibie udongo. Mmatengo anatembea juu ya kingo zake usingizini. Fundi alikuwa anakata njia ya mkato kutoka mtoni, akaingia shimo la kwanza, akatoka, akaingia la pili, akatoka, la tatu likamshika. Mguu ukavimba ukawa kama boga. Tulimbeba watu wanne, na wa tano kubeba viatu vyake, maana kiatu kimoja kilikuwa na uzito wa mbuzi.

Tukamketisha mezani. Akasema, "Kwanza kura."

"Kwanza mguu, baba," mke wangu akasema, ana maji ya moto na mafuta ya kuchua.

"Kwanza kura, mama. Halafu naomba mtoke nje."

Alitutoa wote. Nyumba yangu mwenyewe, niliyoifyatulia matofali kwa mikono yangu, nikatolewa nje pamoja na kuku! Nikasimama uani nikitazama kahawa yangu iliyokuwa inakauka kwenye kichanja, nikawaza: huyu mtu mguu umevimba hivi, jasho linamtoka kwa maumivu, lakini anajali kialama kimoja kwenye karatasi kama vile Ujerumani nzima imekaa inamsubiri yeye. Nikampenda sana saa ile. Na kwa kumpenda ndiyo nikamharibia.

Naomba mnielewe vizuri hapa. Sisi kwetu tuna sengu. Wanaume wa ukoo tunakula pamoja uwanjani kwa mkubwa wetu, kila nyumba inaleta chakula chake, na tukishakula ndipo maneno yanaanza: mashamba, ndoa, ugomvi, kila kitu. Ukija na neno lako bila sahani, hakuna anayekufukuza, lakini utaona wanavyokusikiliza. Wanakusikiliza kama unavyosikiliza mbwa anayebweka kijiji cha pili. Mimi nimekulia kwenye sengu. Nikawaza, Fundi anatuma neno lake kwa wazee wa kwao, tena neno kubwa, neno la dada yake, na linaenda mikono mitupu!

Nikachagua punje kwenye kichanja. Saba, nzurinzuri, zote zimelingana kama meno ya bibi harusi.

Fundi akaniita ndani. Mke wangu alikuwa ameshamshika mguu, na Fundi mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa mafuta ya kuchua. Akaniambia, "Mwenyeji wangu, nisaidie. Karatasi iko tayari kwenye bahasha ndogo. Funga bahasha ndogo bila kuchungulia. Halafu itie kwenye bahasha kubwa pamoja na ile karatasi niliyosaini, funga tena."

Sikuchungulia, Mungu ananiona. Nilitazama dari mpaka shingo ikauma. Lakini vidole vyangu vikadondosha zile punje saba kwenye bahasha ndogo, karibu kabisa na neno lenyewe, nikalamba gundi, nikafunga. Nikatia kwenye kubwa, nikafunga. Fundi alikuwa anapiga kelele za mguu, hakuona kitu.

Nikafunga bahasha kwenye nailoni, nikaitia kifuani ndani ya koti, nikawasha pikipiki. Kutoka milima yetu mpaka ziwani ni mteremko ambao kuku akitaga yai huku juu, linafika chini likiwa limeshakuwa jogoo. Pikipiki yangu breki zake ni za kukumbushwa. Nilipita Mbinga mjini natetemeka kwa baridi, nikafika ukanda wa ziwa natiririka jasho, na muda wote mkono mmoja uko juu ya kifua kama mtu anayeimba wimbo wa taifa.

Yule mama nilimkuta Kihagara kwenye nyumba ya wageni, anakula samaki wa ziwani, mbasa wa kuchoma, kwa vidole, ameshakuwa Mnyasa. Akanawa mikono, akaifuta, akapokea bahasha kwa mikono miwili.

"Kura?" akauliza. Kiswahili chake kiliishia maneno kama kumi.

"Kura," nikasema.

Akaitia kwenye mkoba wa kiunoni, akavuta zipu, akapiga juu mara mbili. Nikarudi nyumbani na furaha, na mbasa watatu juu ya tenki.

Kesho yake mchana ilikuwa sengu. Fundi alipenda sengu kuliko sisi wenyewe, akajikongoja kwa fimbo mpaka uwanjani. Tulipokwisha kula na kunawa, baba mdogo akamuuliza, "Hebu tueleze, mwanangu. Barua za kura zikifika kwenu, nani anazifungua? Si watazifungua wajanja wazitupe?"

Fundi akaeleza, tena kwa raha, kama mtu anayesifia ng'ombe wake. Barua zote zinasubiri siku ya kupiga kura. Zinafunguliwa mbele ya watu wa vyama mbalimbali, na mwananchi yeyote akitaka anaingia kutazama. Bahasha kubwa ndiyo inabeba jina, bahasha ndogo haina jina, kwa hiyo zikishatengana hakuna anayejua kura ni ya nani.

"Na kuna sheria moja naipenda sana," akasema. "Bahasha ndogo ikiwa na kitu ndani, kitu ambacho ukipapasa kidole kinakisikia, kura hiyo inawekwa pembeni. Haihesabiwi. Kwa sababu mtu angeweza kutia alama ili ijulikane kuwa ni yeye amepiga, halafu adai malipo."

"Kitu kikubwa kama nini?" nikauliza.

"Chochote. Kifungo. Jiwe dogo."

"Na... tuseme... mbegu?"

Fundi akanitazama. Baba mdogo akanitazama. Hata ugali uliobaki sahanini nikaona unanitazama.

Kwenye sengu ukikosa unasema kabla sahani hazijaondolewa. Nikasema. Nilisema yote, kichanja, punje, gundi, na sababu yangu ya mikono mitupu.

"Ngapi?" Fundi akauliza taratibu.

"Saba."

Akaweka mkono kichwani. Baba mdogo akapiga paja. "Wewe! Umeanza kuhonga Wajerumani! Watu wanahonga kanga na chumvi, wewe unahonga wazungu kwa kahawa, tena punje saba, hata kikombe hazijazi!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakainuka. Fundi hakucheka, na ndiyo iliniuma. Akatoa simu, akampigia yule mama. Alikuwa njiani kuelekea Songea, gari imesimama, watu wananunua ndizi. Wakaongea Kijerumani. Mimi nikamvuta Fundi mkono: "Mwambie afungue, atoe zile punje, afunge tena. Kama gundi hana, tonge la ugali linashika vizuri kabisa!"

Fundi akafunika simu kwa kiganja. "Hapana. Kura nimeijaza mimi, umeifunga wewe. Mtu wa tatu akiifungua, inakuwa uongo. Aifikishe hivyohivyo ilivyo. Wao watapapasa, wataamua."

"Lakini ni dada yako!"

"Ndiyo. Ndiyo sababu haifunguliwi."

Nimewahi kuona watu wakiheshimu sheria polisi akiwepo. Huyu polisi wake wa karibu alikuwa mbali kuliko mawingu, na bado akakataa. Nikatamani ardhi inimeze, na ardhi ya kwetu ilivyo na mashimo isingekuwa kazi.

Baba mdogo ndiye alitoa hukumu, maana ugomvi wa sengu unaishia sengu. "Mgeni wetu hana mguu. Na hapa simu inashika ya kuongea tu, mtandao wa kupata habari za dada yake uko juu ya mlima. Wewe uliyemharibia kura utakuwa miguu yake. Utambeba kupanda na kushuka, kila siku, mpaka kura za huko kwao ziishe kuhesabiwa."

"Nimbebe huyu? Si bora nibebe mtambo!"

"Mpaka ziishe kuhesabiwa," akarudia. Fundi akaitikia kwa kichwa, uso mkavu kama hakimu mwenzake.

Basi wiki zile mbili nilikuwa punda. Fundi alikuwa mzito kama magunia matatu ya mahindi na debe juu. Nikifika kwenye jiwe la mtandao nimefupika kidole kimoja, suruali zangu zikaanza kuburuza chini. Mchana nilikuwa pia mikono yake pale mtambo, yeye amekaa kwenye ndoo ananielekeza, geuza, kaza, legeza, wewe, nimesema legeza! Na usiku nilikuwa na sala moja: Mungu, dada ashinde kwa kishindo, au ashindwe kwa kishindo. Chochote, isipokuwa kura moja. Maana nikifikiria dada wa watu anapoteza ubunge kwa kura moja, na kura yenyewe imelala pembeni imevimba tumbo kwa kahawa yangu, usingizi ulikuwa unanipita dirishani.

Jumapili wakapiga kura. Jumatatu asubuhi nikampandisha. Fundi akasoma, akasoma tena.

"Niambie basi, nakufa!"

"Anaongoza."

Nikaruka naye akiwa mgongoni. "Kwa kishindo?"

"Kwa kura tano."

Nikamshusha chini. Kati ya watu wote hao wa wilaya mbili tatu, kura tano! Ng'ombe wangu na ndama wake wakipiga kura wanageuza matokeo. Hata hivyo kushinda ni kushinda. Nilishuka mlima nikipiga mluzi, nikawatangazia wanawake waliokuwa wanachambua kahawa kwamba dada yetu ni mbunge.

Jumanne hakukuwa na jipya, wanahakiki. Jumatano Fundi akakaa na simu muda mrefu. Kumbe kwenye kijiji kimoja karani alikuwa ameandika hesabu ya mpinzani kwenye mstari wa mgombea mwingine. Wakirekebisha, dada anarudi nyuma.

"Wameiba!" nikapiga kelele. "Nani kasema amekosea? Mtu wa mpinzani, si ndiyo?"

"Hapana. Mtu wa dada yangu. Alikuwa amekaa pale kuhakiki kwa niaba yake. Yeye ndiye aliyeona kosa."

"Akasema?"

"Akasema."

"Kwa mdomo wake mwenyewe?"

"Sasa angesema kwa mdomo wa nani?"

Nilikaa chini. Nikamfikiria huyo mtu. Sijui jina lake, sijui kama ni mwanaume au mwanamke. Yuko chumbani na makaratasi, anaona kosa ambalo linampa ubunge mtu wake, anajua akinyamaza labda hakuna mwingine atakayeona, na anainua mkono. Nimepiga chumvi hadithi nyingi maishani, samaki niliowasimulia hawaingii kwenye ziwa lolote, lakini mtu kama huyo sikuwahi hata kumtunga. Jioni nilimsimulia baba mdogo. Yeye ambaye hakosi la kusema akasema, "Mh," tu.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya hesabu ya mwisho. Nilimbeba Fundi mbiombio, nimesahau uzito. Tukafika kwenye jiwe. Simu ikalia yenyewe kabla hajabonyeza, alikuwa dada mtu. Wakaongea. Mimi nilikuwa natafuta jibu kwenye uso wa Fundi, lakini nyuso zao zile wanazifunga kama bahasha.

Akanigeukia. "Ameshindwa."

"Kwa ngapi?"

"Nne."

"Nne! Siyo moja?"

"Nne."

Nikaanza kucheza. Bwana, nilicheza lindeku peke yangu juu ya lile jiwe, bila ngoma, mabega yanakwenda yenyewe. Nne! Hata kura ya Fundi ingefika safi bila punje hata moja, zingebaki tatu! Halafu nikamwona Fundi ananitazama, macho yamelowa, nikakumbuka ninacheza kwa sababu dada yake ameshindwa. Nikasimama mguu mmoja juu.

"Pole, Fundi. Pole sana. Samahani."

Akarudi kwenye simu, akaongea na dada yake polepole, na nikasikia neno moja ninalolijua, kahawa, maana kwao linafanana kidogo. Nikajua sasa ndiyo anamwambia. Alikuwa hajamwambia siku zote zile, asimwongezee mzigo. Halafu ndani ya simu mwanamke akacheka, kicheko cha mtu aliyelia asubuhi nzima, kinatoka kwa kukwamakwama halafu kinafunguka.

Fundi akatafsiri: "Anasema ungezitia kwenye bahasha tano ndiyo ungekuwa na kesi."

"Mwambie shikamoo. Mwambie nisamehewe."

"Anasema umesamehewa. Anasema ametoka sasa hivi kumpa mkono aliyemshinda. Na hana muda zaidi, kuna ng'ombe anazaa vibaya, wamemwita."

"Ng'ombe wa nani?"

Fundi akamuuliza. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile sengu. "Wa mtu aliyebandika picha ya mpinzani kwenye mlango wa zizi."

"Na anaenda?"

"Ameshawasha gari."

Simu ikakatika. Fundi akafuta macho kwa mkono wa shati, akaitia simu mfukoni. Mimi nikageuka, nikachuchumaa kama kawaida yangu, nikampa mgongo. "Haya panda, tushuke. Mtambo unatusubiri."

"Hapana," akasema. "Kura zimekwisha kuhesabiwa."

Akanipita. Akashika njia ya mteremko, hana fimbo, hachechemei, anakanyaga kingo za ngolo moja baada ya nyingine kama aliyezaliwa Matiri.

"Fundi! Huo mguu umepona lini?"

"Jumatatu," akajibu bila kugeuka.

"Jumatatu? Na leo Ijumaa! Nimekubeba siku nne, mzima wa afya?"

Akasimama, akanigeukia, uso mkavu kabisa. "Hukumu ilisema mpaka ziishe kuhesabiwa, mwenyeji wangu. Mimi ningewezaje kuibadilisha?"

Akaendelea kushuka. Mimi nilibaki nimechuchumaa palepale, mgongo wazi, hakuna wa kumbeba, nacheka mpaka wanawake kule chini kwenye kahawa wakaanza kuulizana huyu naye amepatwa na nini.